Ukikabidhiwa funguo za gari Uingereza, jifunze kwanza kusoma barabara

Kijana mmoja tunayesali naye amepata kazi ya kusambaza vifurushi kwa van. Jumapili iliyopita alinifuata kwenye maegesho ya kanisa, akaniuliza, "Kaka, simu ninayo, ramani inaongea yenyewe. Kuna kingine cha kujua?" Nikamwambia kipo. Nikaanza kumweleza, nikaendelea, mpaka mke wangu akapiga honi mara mbili. Wanaonifahamu wanajua kwamba ukinigusa kwenye barabara za Uingereza hatuondoki mapema. Basi, mdogo wangu, yale niliyokatishwa na honi ni haya.

Mimi ni mtu wa Arusha, na kipilefti nilichokulia ni kile cha Mnara wa Saa. Neno lenyewe sikuwahi kulifikiria. Nilipohamia Milton Keynes, mji wenye vipilefti zaidi ya mia moja, siku moja nikiwa kwenye foleni nyuma ya basi nikakitazama kile kibao cha duara la bluu chenye mshale unaoelekea kushoto. Waingereza wanakiita "keep left". Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Wazee wetu waliisikia amri ya kibao, wakaigeuza jina la mahali penyewe!

Wiki ya kwanza kazini nilikizunguka kipilefti kimoja mara tatu kwa sababu sikuweza kuamua nitokee wapi. Usione aibu. Kuzunguka tena ni salama kuliko kukata leni mbili ghafla ili uwahi kutoka. Kumbuka tu kwamba aliye kulia kwako ndiye mwenye haki. Kanuni hiyo wameiweka tangu 1966, na ndiyo iliyofanya vipilefti vyao vitembee bila trafiki wa kusimama katikati na kupunga mikono. Swindon wana kimoja, cha tangu 1972, ambacho ni vipilefti vidogo vitano vimezunguka kikubwa, na kile cha katikati magari yanakizunguka kinyume. Nilikwenda kukiona makusudi. Usianzie hapo.

Sasa kilichonifanya niache kuitegemea simu peke yake. Ilikuwa Novemba, saa tano usiku, rasharasha, natoka Leicester kurudi nyumbani na van tupu. M1, ile motawei yetu, yaani barabara pana ya mwendo wa kasi, ikafungwa mbele yangu. Koni, taa za rangi ya chungwa, sote tukashushwa kwenye njia ya kutokea. Simu ikasema nigeuze nirudi M1. Nikageuza, nikakuta koni. Ikasema nigeuze tena. Mara ya tatu nikaingia kituo cha mafuta, nikamkuta mzee mmoja Mpolandi, dereva wa lori, anakunywa kahawa bila haraka yoyote. Nikamweleza shida yangu. Hakunijibu kwa maneno mengi. Alinyoosha kidole kwenye kibao cha barabarani ng'ambo ya pili: kwenye kona ya chini kulikuwa na kimraba cha manjano chenye pembetatu nyeusi, kidogo hivi. "Fuata hiyo," akasema.

Zile ni njia za mchepuko zilizopangwa kabla ya ajali kutokea. Kila kipande cha motawei kina umbo lake: pembetatu, mraba, duara au almasi, ama jeusi tii ama mstari wa ukingo tu. Motawei ikifungwa, kibao kinakuambia umbo la kufuata, nawe unalifuata kipilefti hadi kipilefti, kijiji hadi kijiji, mpaka linakurudisha kwenye motawei mbele ya pale palipofungwa. Nilifuata pembetatu zangu gizani nusu saa nzima, na kweli zikanirudisha M1. Yale maelezo yalikuwa yamebandikwa pale miaka yote, na mimi nilikuwa nayapita kila siku.

Kesho yake nikaanza kusoma. Namba ndizo zilizonikamata, na mpaka leo hazijaniachia.

Chukua gurudumu la baiskeli, London iwe kitovu. Spoku ya kwanza ni A1, inapanda kaskazini hadi Edinburgh. Kisha zunguka kama saa inavyozunguka: A2 ya Dover, A3 ya Portsmouth, A4 ya Bath, A5 ya Holyhead, na A6 ya Carlisle, ingawa hiyo siku hizi inaanzia Luton. A7, A8 na A9 ni spoku za Edinburgh. Mpango huu ni wa miaka ya mwanzo ya 1920. Barabara nyingine zote hupewa namba kulingana na pengo lililo kati ya spoku na spoku: iliyo kati ya A4 na A5 huanza na 4, iliyo kati ya A5 na A6 huanza na 5. Barabara inayovuka spoku hubaki na namba ya pengo lake la nyuma kabisa kwa mzunguko wa saa. Kwetu Milton Keynes unaliona hilo kwa macho. A5 inapita mjini. A509 inakwenda upande wa Wellingborough, ni ya pengo la tano. A421 inavuka A5 na kuendelea hadi Bedford, lakini imebeba 4 kwa sababu imetokea magharibi, pengo la nne.

Utaniuliza inakusaidia nini hiyo. Inakusaidia hivi: ukipotea, simu imezima, ukaona barabara inaanza na 2, ujue uko kusini mashariki, upande wa Kent na Sussex, na nyumbani si huko. Nimewahi kumwokoa dereva mwenzangu kwa simu kwa kumwuliza swali moja tu, "Namba inaanza na ngapi?"

Zile zinazoanza na M ndizo motawei, ambazo tungeziita barabara za mwendokasi kama mabasi ya Dar yasingelichukua jina hilo mapema. Uskoti motawei hurithi namba ya barabara ya zamani, ndiyo maana M8 iko sambamba na A8. Kisha kuna A1(M), ambayo huwachanganya wageni wengi. Maana yake kipande hicho cha A1 kimepandishwa cheo na kinafuata sheria za motawei: hakuna baiskeli, hakuna waenda kwa miguu, hakuna trekta.

Rangi nazo zinasema. Kibao cha bluu ni motawei. Cha kijani ni barabara kuu za A, majina kwa nyeupe, namba kwa manjano. Cheupe chenye maandishi meusi ni barabara za kawaida. Cha kahawia ni vivutio, majumba ya kale na mbuga za watoto. Ukiona kiraka cha bluu ndani ya kibao cha kijani, unaelekezwa motawei. Halafu angalia mabano. Kibao kikisema A421 bila mabano, barabara hiyo ndiyo unayoiingia. Kikisema (M1) ndani ya mabano, hujaifikia bado, ila kwa njia hii utaifikia. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalalamika kwamba vibao vinadanganya: kimeniahidi M1, mbona niko kwenye mashamba?

Vibao hivyo vilibuniwa na watu wawili, Jock Kinneir na Margaret Calvert, kwanza kwa ajili ya motawei mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha kwa barabara zote kuanzia 1965. Kabla ya hapo kila mahali palikuwa na lake, herufi kubwa tupu, ukikisoma kibao umeshakipita. Wao wakaleta herufi ndogo, kwa sababu jicho hulitambua neno kwa umbo lake kabla halijalisoma. Yule msichana anayemshika mkono mvulana kwenye kibao cha watoto wanaovuka, Calvert alimchora akitumia picha yake mwenyewe ya utotoni. Kila nikipita shule nampungia kichwa.

Usiku wa mvua soma chini. Vile vijicho vinavyong'aa kwenye lami, wanaita macho ya paka, vilibuniwa na Percy Shaw wa Halifax mwaka 1934. Siku moja kwenye barabara ndogo ya kijijini niliyokuta haina gari nilichuchumaa nikavitazama kwa karibu: vioo viwili viwili vimekaa ndani ya mpira, na mpira umezamishwa kwenye kikombe cha chuma. Tairi likivikanyaga, mpira hubonyea na kuvifuta vioo kwa maji ya mvua yaliyokusanyika mle ndani. Yaani kila gari linalopita linawasafishia wanaokuja nyuma. Kwenye motawei, vyeupe vinatenganisha leni, vyekundu viko ukingo wa kushoto, vya rangi ya chungwa viko kulia kwenye kingo ya katikati, na vya kijani vinakuonesha pale njia ya kutokea au kuingilia inapoungana na yako. Ukungu ukishuka kiasi kwamba huoni kibao, fuata rangi.

Hadithi ya pili ni ya van kuzima. M1, mchana, kaskazini ya Newport Pagnell. Nikawahi begani mwa barabara, nikapiga simu ya msaada. Dada wa upande wa pili akauliza niko wapi. Nikasema M1. Akauliza M1 sehemu gani. Nikasema kuna miti mingi. Kimya. Kisha kwa upole akaniuliza kama naona kibao kidogo cha bluu pembeni. Nikatembea nyuma ya uzio nikakikuta: M1, chini yake A, chini yake 86.5. Nikamsomea, akasema gari la kuvuta linakuja. Hiyo A ni upande unaotoka London. B ni upande unaorudi. Kwenye M25, A ni kwa mzunguko wa saa na B ni kinyume chake. Ile namba ni kilomita, jambo la kushangaza kwa nchi inayopima kila kitu barabarani kwa maili na yadi. Vibao hivyo vimewekwa kila mita 500 hivi, na katikati yake kuna vijiti vifupi kila mita 100 vyenye mshale unaokuonesha simu ya dharura iliyo karibu. Simu hizo zina rangi ya chungwa na zinajitangazia zenyewe mahali zilipo.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Gari likizima motawei, washa taa zote za tahadhari, toka kwa mlango wa kushoto, vuka uzio, simama mbali na gari. Usirudi ndani kwa sababu ya baridi. Na ile pembetatu ya kuakisi tuliyozoea kuiweka nyuma ya gari nyumbani, huku motawei usiiweke kabisa, utagongwa ukiipeleka. Kuna motawei ambazo bega limegeuzwa kuwa leni, hizo zina vituo vya dharura vyenye lami ya rangi ya chungwa, jitahidi ufike kimojawapo. Na ukiona alama ya X nyekundu juu ya leni, leni hiyo imefungwa, hata kama unaiona tupu na inakuita. Inawezekana mimi ndiye niliyesimama mbele.

Mwendo sitaurefusha. Vibao vyote ni maili: 70 ya motawei ni kama kilomita 112, na kibao cha 50 cha hapa si ile hamsini yetu ya vijijini, ni kama kilomita 80. Duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari halimaanishi kimbia utakavyo. Kwa gari dogo ni 60 kwenye barabara ya kawaida, na 70 kwenye motawei na ile iliyotenganishwa katikati; kwa van nyingi ni 50 kwenye ya kawaida na 60 kwenye iliyotenganishwa, ila motawei ni 70 vilevile. Wales, tangu Septemba 2023, mitaa mingi yenye taa ni 20. Tochi za huku hazina askari wa kuongea naye. Nyingine zinapiga picha mwanzo na mwisho wa kipande kirefu na kukukokotolea wastani, kwa hiyo kukanyaga breki mbele ya kamera ni kujichekesha. Leseni ya Tanzania au Kenya itakuendesha miezi 12 tangu uhamie, baada ya hapo ni mtihani kama kila mtu, na haibadilishwi moja kwa moja. Ukiwa mwanafunzi unaweza kupelekwa motawei tangu Juni 2018, mradi uwe na mwalimu aliyesajiliwa na gari lenye breki za pande zote mbili.

La Dartford nililipia kwa pesa yangu, wewe lichukue bure. Tulikuwa tunakwenda harusini Gravesend, kwa M25, ile motawei ya maili 117 inayoizunguka London, iliyokamilika 1986. Watu husema ni duara kamili. Si kweli. Pale inapovuka mto Thames namba inabadilika, inakuwa A282, ili hata magari yasiyoruhusiwa motawei yapate kuvuka. Anayekwenda kusini anapita darajani, anayekwenda kaskazini anapita chini ya mto. Nilijua kuna tozo. Nikashika sarafu mkononi tangu maili tano nyuma, nikitafuta kibanda na mtu wa kumpa. Daraja likaja, zuri kweli, meli zinaonekana chini, mke wangu anapiga picha. Likaisha. Tukajikuta Kent, sarafu bado mkononi. Vibanda viliondolewa 2014. Unalipa mtandaoni au kwa simu kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata. Mimi nilidhani wameamua kuturuhusu kwa kuwa ni Jumamosi. Barua ikaja. Ndugu wa bwana harusi waliposikia walisema huo ni mchango wa pili. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni bure, kwa hiyo wenzangu wa zamu za usiku mko salama.

Mpaka hapa umepata ya kazini. Yanayofuata ni ya mtu aliyenogewa, ukitaka acha.

Napenda kujua kila kipande kilizaliwaje. Motawei ya kwanza haikuwa M1. Ilikuwa barabara ya kuukwepa mji wa Preston, maili 8 na ushee, iliyofunguliwa na Waziri Mkuu Harold Macmillan tarehe 5 Desemba 1958, na leo ni sehemu ya M6. Baada ya siku 46 ikafungwa: barafu ilikuwa imeharibu lami. Wale wanaocheka barabara zetu mpya zikianza mashimo kabla utepe wa uzinduzi haujachakaa, wapelekee hiyo. M1 ilifuata Novemba 1959, bila kikomo cha mwendo wala uzio wa katikati. Namba 3 ya makutano haipo mpaka leo. Ilipangwa, haikujengwa, na mahali pake pana kituo cha mapumziko. Nilikunywa chai pale nikijihisi nimeketi juu ya siri.

Ukiwa na wikiendi moja, chukua A5. Inaanzia Marble Arch, inanyooka kaskazini magharibi kama imepigwa kwa rula, kwa sababu waliopima walikuwa Warumi. Ukitoka London inakupotea kidogo, inavaa namba A5183, kisha inarudi kaskazini ya Dunstable. Kwetu Milton Keynes ile ya zamani ndiyo inaitwa V4, na A5 mpya inapita pembeni. Mbele kabisa, milima ya Wales, unaingia kwenye kazi ya Thomas Telford, aliyeitengeneza barabara hiyo ili farasi wa posta ya Ireland wasichoke. Ukiwa na gari lililojaa utahisi: mlima uko mbele yako, lakini gia huibadilishi. Unavuka daraja lake la Menai, la 1826, minyororo imening'inia juu ya bahari, na unamalizia Holyhead, kwenye tao jingine la mawe. Tao hadi tao. Niliifanya kwa siku mbili, na motawei ingeniletea kituo cha mafuta baada ya kituo cha mafuta.

Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka ramani za zamani za Uingereza nzima mtandaoni, bure. Fungua ya mtaa wako ya miaka ya 1950, iweke kando ya ya leo. Utagundua barabara zilizovuliwa cheo. B526, ninayoipita kupeleka mizigo kutoka Newport Pagnell kwenda Northampton, ilikuwa A50 kabla M1 haijaja. Ndiyo maana ni pana kuliko shughuli zake. Birmingham, usiishie kupita juu ya Spaghetti Junction, yale makutano ya M6 yaliyofunguliwa 1972. Shuka chini ukatembee kando ya mifereji. Kuna nguzo za zege zaidi ya 500 na maji yaliyotulia, na kelele za magari zinakuja kwa juu kama mvua ya mabati.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni juu ya M62, kati ya Manchester na Leeds, karibu na makutano ya 22. Ndiyo motawei ya juu kuliko zote England, mita 372. Mashariki kidogo utapita shamba lililobaki katikati, magari ya kwenda upande huu na ya kurudi upande ule, kondoo na nyumba ndani. Watu watakuambia mkulima aligoma kuuza. Ukweli ni kwamba mteremko pale haukuruhusu pande zote mbili zipite pamoja, zikatenganishwa. Lishangae gari likiwa linakwenda, usisimame.

Pa kusimama ni darajani, daraja jembamba la waenda kwa miguu la njia ya Pennine Way linalovuka juu ya motawei. Unapaki kando ya A672, unatembea dakika chache. Usiegemee uzio, usipige picha kwa flashi. Malori yanapanda kutoka Lancashire yakiwa yamebana gia ya chini, na daraja linatetemeka kidogo kwenye nyayo. Hakuna choo, hakuna duka, na upepo hauna adabu hata Julai. Beba koti zito na chai ya chupa. Mke wangu hukaa kwenye gari, na huwa ananipa dakika ishirini.